Gari bila dereva? Kwanza tupate barabara yake

Juma lililopita, kwenye maegesho ya pikipiki karibu na sanamu ya chukudu hapa Goma, motari mmoja kijana alinionyesha video kwenye simu yake. Kigari kidogo kilikuwa kinatembea peke yake, abiria wamekaa ndani, dereva hakuna. Hata usukani haupo. Akaniuliza: «Yaya, hizi zikifika huku, sisi tutakula nini?»

Mama mmoja alikuwa anangoja hapo. Alikimbia vita Masisi, sasa anapangisha chumba kimoja Mugunga pamoja na watoto wake. Naye akachungulia simu, lakini swali lake lilikuwa lingine: «Na mvua ikinyesha, inapandisha bei kama ninyi?» Watu wakacheka. Motari hakucheka sana.

Maswali hayo mawili yamenikaa kichwani, na leo ninatoa maoni yangu. Tusitamani gari kwa sababu halina dereva. Tutamani barabara linayopitia.

Tuanze na kigari chenyewe. Video ile ni ya uwanja wa ndege wa Heathrow, mjini London. Vigari hivyo vilianza kubeba abiria mwaka 2011. Viko 21, vinatumia betri, kila kimoja kinabeba watu 4 na mizigo yao. Vinawatoa watu kwenye maegesho ya magari na kuwapeleka kwenye jengo la abiria. Abiria anagusa kioo kuchagua kituo, mlango unajifunga, kigari kinaondoka. Hakingoji kijae.

Wala si jambo la jana. Morgantown, mji mdogo katika jimbo la West Virginia kule Marekani, una vigari vinavyojiendesha tangu mwaka 1975. Vinabeba wanafunzi wa chuo kikuu na wakaaji wengine kwenye vituo 5. Mwaka huo motari wetu hakuwa amezaliwa, na mimi pia.

Kama ni kitu kizuri hivyo, mbona miji mingi ya dunia haina mpaka leo? Jibu liko chini ya magurudumu. Heathrow na Morgantown, vigari vinapita kwenye njia yao wenyewe, iliyotengwa. Hakuna lori linaloingia humo, hakuna mtu anayevuka, hakuna mbuzi. Kompyuta haipati kazi ngumu, kwa sababu kazi ngumu ilikwisha kufanywa na waliojenga njia. Na njia hiyo ni ya gharama kubwa. Masdar, mji mpya uliojengwa karibu na Abu Dhabi kwa pesa za nchi ya mafuta, ulipanga vigari vya namna hiyo vizunguke mji mzima. Vilianza mwaka 2010, kisha mpango ukasimamishwa, vikabaki na vituo viwili tu vya abiria. Kama wenye mafuta walipiga hesabu wakasimama, sisi tusidanganyane.

Sasa chukua kigari hicho ukiweke kwenye barabara ya ndani kule Ndosho. Mbele kuna mawe ya volkeno. Kushoto kuna chukudu imebeba magunia ya makala na inashuka kwa kasi. Kulia kuna mama na beseni la nyanya kichwani, na nyuma yake watoto wanatoka shuleni. Kigari kimeambiwa kikiona mtu kisimame. Basi kitasimama, na kitabaki hapo mpaka usiku.

Tusisahau umeme. Betri nyingi za magari ya umeme duniani zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo inatoka hapa Kongo, upande wa Kolwezi. Lakini katika kata nyingi za Goma, mtu bado anatafuta mahali pa kulipia ili achaji simu. Madini yanatangulia safari, sisi tunabaki kituoni.

Wengine watasema: lakini Wakongo tunaweza teknolojia! Ndiyo, tunaweza. Mwaka 2013 Kinshasa iliweka kwenye njia panda roboti kubwa za kuongoza magari, zilizobuniwa na mwanamke Mkongomani, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Zilitumia nguvu za jua. Ninajivunia kazi hiyo. Lakini roboti inainua mkono tu. Barabara ikiwa imejaa na imeharibika, mkono huo hauiongezi upana.

Kwa hiyo tuchukue nini kutoka kwenye video ile? Ninaona mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kompyuta.

La kwanza ni njia iliyotengwa. Kila barabara kubwa inayotengenezwa mjini iachiwe ukanda wa vyombo vidogo: pikipiki, baiskeli, chukudu, na watu wa miguu wapate upande wao. Leo wote wanapigania lami moja na malori, na kila siku tunaona nani anaumia.

La pili ni vituo vinavyojulikana, vyenye paa na taa. Mama wa Mugunga akitoka sokoni saa moja jioni, asitafute chombo gizani.

La tatu ni bei iliyoandikwa: ya mchana, ya usiku, ya mvua, kwa franka, ukutani kwenye kituo. Vyama vya wamotari, viongozi wa mji na wajumbe wa wakaaji wakae pamoja waipange. Kigari cha Heathrow hakiangalii uso wa abiria ili kijue kama ni mgeni. Wengi waliokimbia vita wameniambia kwamba wakifungua mdomo tu, bei inapanda. Hilo halihitaji mashine, linahitaji aibu kidogo na sheria inayofuatwa.

Na motari, atakula nini? Abaki kazini. Kwenye miji kama Kigali na Nairobi, pikipiki za umeme zinaendeshwa na madereva wale wale. Betri ikiisha, dereva anapita kwenye kituo, anaacha ile tupu, anachukua iliyojaa, anaendelea. Moshi unapungua, mtu anabaki na kazi yake. Huko ndiko tungeelekea siku umeme ukitulia. Katika mji ambao vijana wengi wana pikipiki tu kama shamba lao, kumtoa dereva si maendeleo.

Najua kuna msomaji atakayeniambia: watu wanakimbia vita, wewe unaongea habari za vituo na vibao vya bei? Ndiyo, ninaongea, kwa sababu anayekimbia ndiye analipa umbali kuliko wote. Chumba cha bei nafuu kiko mbali. Soko, hospitali na kibarua viko katikati ya mji. Siku nauli inapozidi faida ya nyanya, mama anatembea kwa miguu au mtoto anabaki bila daktari.

Tena tukumbuke tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, viongozi walipoamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Maelfu walielekea Sake kwa barabara ile ile moja, magari, pikipiki na watu wa miguu wamechanganyika, wengine na wagonjwa mgongoni. Siku ile barabara haikuwa habari ya maendeleo, ilikuwa habari ya kuokoa roho. Nyiragongo bado iko pale juu.

Kwa hiyo viongozi wakija kesho na picha za magari yanayojiendesha, tuwapigie makofi kwa adabu, kisha tuwaulize: ukanda wetu uko wapi, kituo kiko wapi, na bei imeandikwa wapi? Kijana wetu arudi kuendesha bila hofu ya video. Na yule mama, siku mvua itakaponyesha, alipe bei aliyoisoma ukutani.