Tyubu Moja, Chumba Kizima

Chumbani kwetu hosteli tuko wanne, tyubu ya dawa ya kupaka ni moja. Mwenye chunusi anapaka, aliyejikata na wembe anapaka, mwenye choa naye anapaka. Mimi nasema tuache.

Antibiotiki inapigana na bakteria tu. Chukua mupirosini: inazuia kimeng'enya ambacho bakteria anakihitaji ili kutengeneza protini, na bila protini hakui wala hazaliani. Ndiyo maana vile vidonda vya watoto vyenye ukoko wa rangi ya asali, puani na mdomoni, huanza kukauka ndani ya siku chache. Lakini choa ni fangasi. Unapaka wiki nzima, duara linazidi tu kupanuka.

Hatari zaidi ni tyubu za mchanganyiko zenye steroidi ndani. Muwasho unatulia, unajua umepona, kumbe kinga ya ngozi imepunguzwa na fangasi anatambaa taratibu. Mwenzetu alianza na duara dogo shingoni, sasa limefika mgongoni. Anafunga vifungo vyote vya shati hata kwenye jua la saa saba.

Jipu nalo? Usaha uko ndani, dawa iko juu. Nenda zahanati likapasuliwe.

Na tukipaka ovyo, bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki, halafu tunaazimana taulo! Kumwonyesha mfamasia ngozi yako kabla ya kununua ni bure, ila tunaona aibu.

Ya chumbani kwetu niliitupa Jumapili. Bado wamenuna.