Kutoka Nassa hadi Mumbai si saa sita

Kati ya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na ule wa Mumbai kuna takriban kilomita 4,680, karibu zote juu ya Bahari ya Hindi. Dreamliner hukimbia kilomita 900 kwa saa hivi. Piga hesabu, utapata saa tano na kidogo. Ongeza muda wa kupaa na kutua, zinakaribia sita. Tangu Air Tanzania ianze safari hiyo Julai 2019, hizo saa sita ndizo zinazotajwa.

Mgonjwa wa Nassa aliyepewa rufaa ya kwenda India hazimtoshi hata kidogo.

Nassa iko wilayani Busega, kando ya barabara ya Mwanza na Musoma. Safari inaanzia hapo barabarani, kusubiri gari la Mwanza. Gari likija, linapita Magu, linapita Kisesa, kisha abiria atafute usafiri wa kumfikisha uwanjani Ilemela. Kutoka Mwanza hadi Dar kwa ndege ni kilomita 850 hivi, na hapo hapana shida kubwa.

Shida iko Dar. Ndege za ndani hushusha abiria Jengo la Pili, na za kimataifa huondokea Jengo la Tatu, lililoanza kazi mwaka 2019. Kijana mwenye begi la mgongoni hatalalamika. Lakini mama anayemsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu, mizigo miwili pembeni na bahasha ya picha za eksirei kwapani, anatoka jengo moja, anatafuta gari, anaingia jingine, anapanga foleni ya ukaguzi upya, kisha uhamiaji. Kama alikatiwa tiketi mbili mbalimbali na ndege ya Mwanza ikachelewa, ile ya Mumbai ikimwacha hasara ni yake. Angekuwa na tiketi moja ya safari nzima, kumtafutia ndege nyingine ungekuwa wajibu wa shirika. Jambo hili aambiwe kabla hajatoa pesa.

Saa za kwenye tiketi nazo zinataka maelezo, kwa kuwa kila uwanja huandikiwa saa za kwake, na India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ndege ikiondoka Dar saa 11:00 jioni, ikakaa njiani saa sita, itatua Mumbai saa 7:30 usiku. Anayetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika atadhani ni saa nane na nusu. Wakati wa kurudi atadhani ni tatu na nusu. Mgonjwa anayemeza dawa kila baada ya saa nane anaweza kuumizwa na hesabu hiyo.

Zamani majahazi yalingoja upepo wa kusi ndipo yavuke kwenda India, na yalikaa baharini kwa wiki kadhaa. Bahari sasa imeshapunguzwa vya kutosha. Mashirika ya ndege na mawakala watangaze safari ya Mwanza hadi Mumbai kwa tiketi moja, wapange ndege ya Mwanza ifike mapema bila kumlaza mgonjwa Dar, na gari la kumvusha kutoka Jengo la Pili hadi la Tatu limsubiri mlangoni, bila malipo ya ziada.