Maji Yaliyotolewa Shaba Si Maji Safi

Wazee wetu wa Ufipa walitoa chuma katika mawe kwa moto na mkaa, ndani ya malungu, zile tanuru ndefu za udongo. Siku hizi uko ufundi mwingine: kutoa metali iliyokwisha kuyeyuka katika maji. Tumeona vema kuueleza, kwa kuwa unagusa haki ya wanaokunywa maji hayo.

Majirani zetu wa Zambia wanaujua. Huko Chingola, mwaka 1974, kilianza kiwanda kikubwa cha kupata shaba katika mabaki ya machimbo. Mabaki hulowekwa katika tindikali. Shaba huyeyuka, lakini gramu chache tu kwa lita. Maji hayo huchanganywa na mafuta ya taa yenye dawa ishikayo shaba. Yakitulia, mafuta huelea juu yakiwa yameibeba. Kisha tindikali kali zaidi huyapokonya mafuta shaba hiyo, na umeme huigandisha kuwa mabamba.

Je, maji yamesafika? La hasha! Dawa ile, inapochukua shaba, huyaachia maji tindikali mahali pake. Yanayobaki ni makali kuliko yalivyokuwa. Sharti yarudishwe kazini, au ukali wake uondolewe kwa chokaa kabla ya kumwagwa. Kazi hiyo ya mwisho haileti faida. Ndiyo maana mwenye mali hushawishika kuiacha.

Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi, Zambia, bwawa la mabaki ya shaba lilipasuka. Maji ya tindikali yaliingia kijito cha Mwambashi na mto Kafue. Samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji kwa muda.

Nasi tujihadhari. Chini ya Lyamba lya Mfipa lipo Ziwa Rukwa, lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Mito itokayo Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki, huishia humo. Metali iingiayo haina njia ya kutokea.

Kwa hiyo, viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mwekezaji ajapo msiulize tu atatoa madini kiasi gani. Mwulizeni: maji yatakayobaki yatakwenda wapi, nani atayapima, na fedha za kuyasafisha zimewekwa wapi? Asiye na jibu hajamaliza hesabu zake. Deni lake amemwachia mvuvi, na mama achotaye maji mtoni.