Gesi Isiyoshikika

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba heliamu, neoni, argoni, kriptoni, zenoni na radoni ni gesi adimu zisizoungana na kitu. Somo likaishia hapo, na kijana akatoka darasani akiitakidi kwamba kisichoungana na kitu hakiwezi kumdhuru mtu. Itikadi hiyo, katika ardhi ya Katanga, ina hatari.

Sababu ya utulivu wa gesi hizi imo katika elektroni zao. Atomu nyingine hutoa, hupokea au hushirikiana elektroni kwa kuwa mzingo wao wa nje haujatimia. Ama hizi, mzingo wao umekwisha timia, elektroni mbili kwa heliamu na nane kwa zilizosalia, na kiini kimezikamata barabara, hata hazina haja ya kupokea wala hazikubali kwa wepesi kunyang'anywa. Kweli, mwaka 1962 mkemia Neil Bartlett, huko Vancouver, aliweza kuilazimisha zenoni iungane na kitu kingine, lakini kwa kutumia dawa kali mno ya platini na florini. Mafundi wa kuchomelea huutumia utulivu huo kila siku: hupuliza argoni juu ya alumini inayoyeyuka, oksijeni isipate njia ya kuifikia.

Radoni nayo ina utulivu huohuo, na hapo ndipo madhara yake yanapoanzia. Kule Shinkolobwe, karibu na Likasi, ambako madini ya uraniamu yaligunduliwa mwaka 1915, kampuni ya Union Minière ilichimba mawe yaliyopelekwa Olen, Ubelgiji, yakatolewe radiamu. Radiamu ni metali yenye pupa ya kuungana na vitu, basi hukaa mateka ndani ya jiwe. Lakini atomu yake ikivunjika huwa radoni, na radoni, kwa kuwa hakuna kitu mwambani kinachoweza kuifunga, hupenya nyufa ikapanda hata sakafuni mwa nyumba. Katika muda wa siku 3.8 nusu yake huvunjika, ikazaa poloniamu na hatimaye risasi, metali zinazojua kuganda: hushika vumbi, na vumbi hushika mapafu. Shirika la Afya Duniani huihesabu radoni, katika nchi nyingi, kuwa ya pili baada ya tumbaku kwa kusababisha saratani ya mapafu.

Sasa itazame Komini ya Annexe, ambako mji wa Lubumbashi unazidi kulimeza pori, na nyumba huinuliwa kwa matofali ya kuchoma yaliyofinyangwa kwa udongo wa vichuguu, nyingi zikiwa na sakafu ya udongo au ya saruji nyembamba iliyopasuka. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, madirisha hufungwa, radoni ikabaki ndani, na mbabula, jiko la makaa, huletwa chumbani (moshi wa makaa huua upesi zaidi, najua, ila kila mama anauhofu).

Kiasi cha radoni chumbani hakijulikani kwa kunusa wala kwa kukisia, na kukipima si kazi ya gharama kubwa: ni kipande cha plastiki ndani ya kikopo, kikaachwa chumbani miezi mitatu, kisha zikahesabiwa alama zilizochorwa na miali. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kampasi yake ya Kasapa ndani ya komini hiyohiyo, na wanafunzi wa fizikia wanaorudi majumbani kila jioni. Na wapewe vikopo, waanzie vyumba vyao wenyewe vya kulala.