Mzigo wa wawili haubebwi na mmoja



Tangu Papa Paulo VI alipotoa waraka wa Humanae Vitae, tarehe 25 Julai 1968, sisi mapadre tumehubiri mara nyingi juu ya vidonge, sindano na kitanzi. Tumemhubiria nani? Akina mama. Semina zetu za uzazi wa mpango kwa njia ya asili hujaa akina mama wa WAWATA, nao waume hubaki nje, eti hayo ni mambo ya wanawake. Twasema waziwazi: huo ni udhalimu, tena udhalimu tulioulea sisi wenyewe.

Tutazame jinsi Mungu alivyotuumba. Yai la mwanamke huishi muda wa siku moja hivi baada ya kupevuka. Mbegu za mwanamume huweza kuishi ndani ya mwili wa mke hadi siku tano. Kwa hiyo mke ana siku chache tu za rutuba katika kila mzunguko, hali mume ana rutuba kila siku. Mama aweza kuchunguza ute wake na kujaza chati kila jioni pasipo kosa. Lakini baba akirudi usiku na kudai "haki yake", chati ile yageuka karatasi tu. Mimba ikiingia, alaumiwaye ni mama: hakuhesabu vizuri! Akienda zahanati kwa siri kuchomwa sindano, twamwita mkaidi. Je, ni nani aliyemsukuma?

Wanaume wengi hupenda kutaja sheria ya Kanisa. Basi waisome yote. Waraka ule ule, katika namba 13, wafundisha kwamba tendo la ndoa analolazimishwa mwenzi, bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki, si tendo la kweli la upendo. Naye Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 7, ampa mke mamlaka juu ya mwili wa mumewe, sawasawa na mume juu ya mwili wa mkewe. Kanisa halikumpa mume hati ya kummiliki mtu.

Liko na jambo zito zaidi. Mume ajuaye kwamba ana virusi vya UKIMWI, akamficha mkewe, anahatarisha uhai wa yule aliyeapa mbele ya altare kumpenda na kumheshimu. Siku hizi kisingizio kimekwisha. Vipimo vipo, na mtu amezaye dawa kwa uaminifu, hata virusi vikafubaa kiasi cha kutoonekana katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.

Viongozi wa Jumuiya Ndogondogo, twawaomba mambo matatu. Semina ya uzazi isianze kabla waume nao hawajaketi. Wachumba wote wawili wahimizwe kupima kabla ya kutangazwa ndoa, na majibu yabaki siri yao. Na mama ajaye kwenu akilia asikilizwe kwanza, kabla ya kuhubiriwa uvumilivu. Akiridhia, mumewe aitwe.

Nasi mapadre tutubu ukimya wetu. Tusiendelee kuwatwisha akina mama mizigo mizito, huku waume zao wakitembea mikono mitupu.