Mtoto naye ahesabiwe kwenye marejesho ya kodi

Tangu 2024 Rwanda humrudishia mnunuzi asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) akidai risiti ya EBM, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti. Ni hatua njema, ila haimjui mtoto. Mama wa Kamembe, wilayani Rusizi, akinunua sabuni na mafuta ya faranga 11,800, kodi ndani yake ni 1,800. Atarudishiwa 180, awe na watoto sita au asiwe na hata mmoja. Tena lazima duka liwe na mashine. Muuza samaki aina ya sambaza huko Rusizi ataitoa wapi?

Kodi ya mshahara nayo haiulizi habari za watoto: faranga 60,000 za mwanzo kwa mwezi hazikatwi, basi. Kuna ruzuku ya lishe ya VUP, mpango wa serikali wa kinga ya jamii, kwa wajawazito na watoto wa kaya maskini, lakini hukoma mtoto akifikisha miaka 2, kana kwamba siku hiyo ameacha kula.

Tangu 2020 mtoto husajiliwa hospitalini anapozaliwa, kwa hiyo kisingizio cha kukosa takwimu hakipo. Wizara ya Fedha iwaongezee marejesho wazazi wenye watoto waliosajiliwa, ikianza na wasiofikia umri wa shule.