Umelipa Nauli ya Mbagala, Umeshushwa Mtoni: Hizi Laptopu za "Inakuja Hivi Karibuni" Zitatumaliza

Leo umbea wa mastaa tuuweke pembeni kidogo, maana kuna jambo limenikaa rohoni na naona watu wengi wanalichukulia poa wakati linakula hela zetu.

Hebu fikiria umepanda daladala Kariakoo, konda kakwambia gari la Mbagala, na nauli ya Mbagala umelipa. Kufika Mtoni anakwambia, "Shukeni hapa, kuna gari lingine linakuja kuwamalizia." Linakuja lini? "Linakuja tu, we subiri." Utashuka kimya kimya? Thubutu! Hapo patachimbika. Konda atarudisha chenji za watu au gari halitoki.

Sasa mbona kwenye laptopu tunashuka kimya kimya? Mtu kanunua mashine kwa mamilioni kwa sababu tangazo limesema inafanya moja, mbili, tatu. Kafika nyumbani, kawasha, la kwanza lipo, la pili lipo, lile la tatu lililomtoa hela mfukoni halipo. Akiuliza anajibiwa litakuja na sasisho. Na yeye anasema sawa, anasubiri. Jamani!

Msidhani naongea hewani. Tarehe 20 Mei 2024 Microsoft walitangaza kizazi kipya cha laptopu za Windows, wakaziita Copilot+ PC. Ili mashine ipewe jina hilo ilitakiwa iwe na RAM kuanzia GB 16, hifadhi kuanzia GB 256, na kubwa kuliko yote, iwe na chipu maalumu ya kazi za akili mnemba inayoitwa NPU, yenye nguvu ya kufanya operesheni trilioni 40 na zaidi kwa sekunde moja. Bei zilianzia dola 999. Ukiileta hapa Bongo, weka na usafiri na faida ya muuzaji, unaongelea hela ambayo mtu angenunulia kiwanja huko pembeni ya mji.

Kivutio chenyewe kilikuwa kitu kinaitwa Recall. Laptopu inapiga picha za skrini yako kila baada ya muda mfupi na kuzihifadhi, ili wiki ijayo ukisahau ulisoma wapi kitu fulani, unaiuliza tu na yenyewe inakutafutia. Hicho ndicho kilichoongelewa dunia nzima, na ndiyo ikawa sababu ya kumwambia mtu kwamba laptopu yake ya zamani imepitwa na wakati, anahitaji yenye chipu mpya.

Mauzo yalipangwa kuanza tarehe 18 Juni 2024. Siku tano tu kabla, tarehe 13 Juni, Microsoft wakasema Recall haitatoka kwa wateja wote kama ilivyopangwa. Wataalamu wa usalama walikuwa wameshaichambua na kuonyesha kwamba mdukuzi akiingia kwenye mashine yako, kumbukumbu zote zile angezibeba kirahisi. Ikasemwa majaribio yataanza Oktoba. Oktoba ikafika, wakasogeza mpaka Desemba. Mwishoni mwa Novemba wakaanza kupewa wale waliojiandikisha kufanya majaribio. Mteja wa kawaida alianza kuipata tarehe 25 Aprili 2025.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa aliyenunua siku ya kwanza, hiyo ni miezi 10 na siku saba.

Na kuna kundi lingine ambalo halikusemewa sana. Laptopu zenye chipu mpya za AMD zilianza kuuzwa Julai 2024, na za Intel zikafuata Septemba. Zote zilikuwa na NPU yenye nguvu inayotakiwa. Lakini vile vitu vya Copilot+ vilianzia kwenye mashine za Snapdragon, hawa wengine wakaambiwa watapata sasisho la bure kuanzia Novemba. Neno "bure" hapo ndipo linaponichekesha. Bure ipi wakati chipu nimeshailipia, imekaa ndani ya mashine yangu imelala usingizi?

Najua kuna mdau atanirukia hapa: "Admin, sasa ulitaka watoe kitu kibovu siri za watu zivuje? Si bora kuchelewa?" Nakubali mia kwa mia. Kama kitu hakiko salama kisitoke. Fundi akiona breki hazijakaa sawa asikupe gari, na utamshukuru. Ila fundi huyo huyo hawezi kukuuzia gari kwa bei ya gari zima, halafu breki akuletee mwakani. Kuchelewesha hakukuwa kosa. Kosa ni kuuza kwa kutumia kitu ambacho bado kinapikwa. Kama hakijaiva, kisikae kwenye bango. Au kama lazima kikae, bei ipungue mpaka siku kitakapofika.

Tuambiane ukweli, hii biashara ni mkopo. Wewe umetoa hela yote leo, taslimu. Kampuni imekupa nusu ya mzigo, nusu nyingine unaidai. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeikopesha kampuni. Tena umeikopesha bila riba, bila mkataba, bila tarehe ya kulipwa. Huku mtaani ukichelewesha marejesho ya mkopo wa kwenye simu siku moja tu, ndugu zako wote wanapigiwa simu. Lakini kampuni tajiri kuliko bajeti za nchi nyingi ikikuchelewesha miezi kumi, wewe ndiye unayeambiwa uwe mvumilivu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Siku hizi ahadi imekuwa bidhaa, inawekwa kwenye boksi na kupangiwa bei.

Na deni lenyewe linaoza. Laptopu nyingi zinakuja na waranti ya mwaka mmoja. Ukisubiri kitu miezi kumi, kinapofika umebakiwa na miezi miwili ya kukilalamikia kikizingua. Wakati huo huo mashine inashuka thamani, toleo jipya limeshatoka, na aliyesubiri akanunua baadaye kapata kitu kilekile kwa bei ya chini. Yaani uliyewaamini mapema ndiye uliyeumia. Hapo ndipo mtu anajifunza kutoamini tena, na simlaumu.

Tena afadhali huyo ambaye kitu chake kilifika. Januari 2019 Dell walitambulisha laptopu ya magemu ya Alienware Area-51m. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba unaweza kubadilisha vitu vya ndani, hadi kadi ya picha, kitu ambacho kwenye laptopu ni adimu. Watu wakasema poa, nanunua mashine moja, mbele ya safari nabadilisha kadi tu. Mwaka 2020 likaja toleo la pili na kadi mpya, na kadi hizo mpya hazikuwa za kuchomeka kwenye toleo la kwanza. Mwaka 2021 suala likafika mahakamani huko California, mteja akidai alipotoshwa na matangazo. Ile "mbele ya safari" kwake ilikuwa ni kununua laptopu nyingine.

Na wala msiniambie kwamba teknolojia ndivyo ilivyo, haitabiriki. Kuna kampuni ndogo ya Marekani inaitwa Framework. Nao waliuza laptopu yao ya inchi 16 kwa ahadi hiyo hiyo ya kubadilisha kadi ya picha, zikaanza kuwafikia wateja mapema 2024. Agosti 2025 wakatangaza kadi mpya ya RTX 5070 ambayo hata aliyenunua mashine ya mwanzo anaichomeka. Kampuni ndogo imeweza, wale wakubwa wanashindwa nini? Ukiahidi kile ulichokipanga kweli, utakitimiza.

Sasa turudi kwetu, maana maumivu ya huku ni mara mbili. Mteja wa Marekani akikasirika ana siku zake za kurudisha mzigo, anarudishiwa hela, maisha yanaendelea. Wewe wa Sinza umeagiza kwa mjomba anayekwenda Dubai, au umetumiwa na dada aliyeko Uingereza. Unairudisha kwa nani? Utampandisha mjomba ndege? Na hii laptopu siyo pambo. Kuna mdogo wako wa chuo kabana boom mihula miwili, kuna dada anaedit video za harusi, kuna jamaa anatengeneza mabango ya wasanii. Kwao laptopu ndiyo jembe. Ukimuuzia mkulima jembe ukamwambia mpini unakuja baada ya mavuno, umemsaidia nini?

Na hapa niwachane kidogo na watu wetu. Kuna wale ndugu zetu wa kufungua maboksi mtandaoni, majina naweka kapuni, wenyewe wanajijua. Mtu anashika laptopu dakika nane, anasoma kilichoandikwa kwenye tangazo, anasema "hii mashine ni moto, inafanya kila kitu", anakupa namba ya duka. Hajawasha hicho anachokisifia, na hakusemi kwamba hakijafika. Bro, wafuasi wako wanakuamini. Wanatoa hela kwa neno lako. Ukisema "inafanya" wakati ukweli ni "itafanya", umeshiriki kumpiga mwenzako. Sema tu "hiki bado", inakugharimu nini?

Msimamo wangu ni huu, na nitausimamia: lipa hela kwa kile kinachofanya kazi siku unayonunua. Kitu cha kesho kilipwe kesho. Ukifika dukani mwambie muuzaji, "Kaka, hicho ulichonisifia niwashie nikione." Akikuonyesha, lipa. Akianza stori za sasisho, hesabu kwamba hakipo, na mashindane bei kama hakipo. Tangazo lililokuvutia lipige picha ulihifadhi, na risiti ya EFD idai iandikwe sifa za mashine, isiandikwe "laptopu" tu. Ukipigwa, usiishie kutukana kwenye status. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mteja, na tuna Tume ya Ushindani, FCC, yenye kazi ya kuisimamia. Nenda na ushahidi wako mkononi.

Kwa upande wa kampuni, sidai makubwa. Wakitangaza kitu ambacho hakijawa tayari, waandike tarehe kwa herufi kubwa kama walivyoandika sifa, siyo kile kimaandishi cha chini kinachohitaji darubini. Tarehe ikipita, mteja achague: arudishe mashine, au apunguziwe bei. Na waranti ya hicho kitu ianze kuhesabiwa siku kilipofika mkononi mwa mteja. Hapo utaona jinsi mambo ya "hivi karibuni" yatakavyopotea ghafla kwenye mabango, maana kuchelewa kutakuwa kunawauma na wao.

Konda wa Mbagala anakufikisha kwa sababu anajua usipofika hatalala na nauli yako. Hawa wenzetu wanalala nayo vizuri tu, kwa sababu tunashuka Mtoni, tunakaa kituoni na kusubiri. Tuache kushuka.

Haya wadau, na wewe umewahi kununua kitu kwa ajili ya sifa moja halafu sifa yenyewe ikawa "inakuja"? Simu, laptopu, TV, chochote. Tiririka hapo chini, nasoma zote. Duka usilitaje jina, tusiburuzane, ila tuambie uliambiwa nini na ulisubiri muda gani.